Mama Kufuli na Kifuko cha Gololi

Katika kiwanda kile cha sabuni, mtu alikaguliwa kwa bahati ya mkono wake mwenyewe. Jioni king'ora kikilia, wafanyakazi walipanga foleni getini, na kila mmoja alitumbukiza mkono ndani ya kifuko cheusi kilichojaa gololi, zile zile wanazochezea watoto. Ukitoa nyeupe, pita, kawasalimie nyumbani. Ukitoa nyeusi, mkoba mezani, mifuko nje, viatu vua. Hapakuwa na mkubwa wala mdogo. Hata Mzee, mwenye kiwanda, alipanga foleni kama wengine, na siku aliyotoa nyeusi alifungua mkoba wake wa ngozi mbele ya vibarua, wakaona ndani mna gazeti na nusu ya andazi. Vibarua walilizungumza lile andazi wiki nzima.

Kifuko kilikuwa cha Mama Kufuli. Yeye ndiye aliyekibuni, akakishona kwa mkono, na hakuna mwingine aliyekishika. Jina alilopewa na wazazi lilikuwepo, lakini hata mumewe, fundi cherehani, alilikumbuka kwa kubahatisha. Shada la funguo lilimning'inia kiunoni, na ungemsikia kabla hujamwona. Mkuu wa ulinzi, mwanamke mnene wa wastani, sauti ya kuamrisha, na mkono mwepesi kuliko wa mwizi yeyote aliyewahi kumkamata.

Na aliwakamata, msimchezee. Alikamata sabuni ndani ya mkate. Alikamata sabuni ndani ya chupa ya chai. Alimkamata msimamizi mmoja aliyekuja asubuhi mwembamba na jioni akawa na kitambi. "Kikulacho ki nguoni mwako," alipenda kusema huku akipapasa koti la mtu, na mtu alianza kutokwa jasho hata kama hakuiba kitu. Kwake yeye wizi ulikuwa na miguu. Miguu haina njia ila geti, na geti ni lake.

Malipo yake makubwa hayakuwa mshahara. Yalikuwa chai. Kila asubuhi, kabla ya kupanda ofisini, Mzee aliingia katika kibanda cha geti, akaketi juu ya kiti cha Mama Kufuli, yeye Mama Kufuli akaketi juu ya kreti, na wakanywa chai ya rangi kwa vikombe viwili vya bati. Mzee aliuliza, "Kumekuchaje huku?" Naye akamweleza nani kachelewa, nani kagombana na nani, mlango upi unalia bawaba. Mzee alisikiliza kwa kichwa chote. Mwanamke yule angeweza kukosa mshahara mwezi mzima akavumilia, lakini chai ile asingevumilia kuikosa hata kidogo.

Sasa sikilizeni mambo yalivyogeuka. Kuna kiwanda kingine cha sabuni upande wa pili wa mji, wapinzani wao. Siku moja wapinzani wakatoa sabuni mpya, na ukiinusa ni ile ile ya Mzee, harufu haikupungua hata chembe. Mzee alishuka nayo getini mkononi, uso umemshuka. Mama Kufuli akaapa kwamba hakikutoka kitu. Na ni kweli, hakikutoka. Msaidizi wa mchanganya manukato alikuwa ameacha kazi kwa kununa, baada ya kunyimwa cheo, akaenda kwa wapinzani na harufu nzima kichwani. Alipotoka siku ya mwisho alitoa gololi nyeusi, akapekuliwa mpaka soksi.

"Kichwa cha mtu utakipekua vipi?" Mzee aliuliza.

Mama Kufuli alifikiri sana. "Tuongeze gololi nyeusi," akasema.

Mzee alimtazama, akamaliza chai yake, akaondoka. Hapo ndipo kila kitu kilipoanzia, ingawa Mama Kufuli hakujua.

Kulikuwa na msichana pale getini aliyeitwa Kidoti, kwa ajili ya doa jeusi shavuni. Aliletwa kuwakagua wanawake, hajui hata kushika mkoba wa mtu, na Mama Kufuli ndiye aliyemfunza: usimdhalilishe mtu, usiangalie mkoba, angalia macho. Alimpenda, na tusimung'unye maneno, alimpenda kama mdogo wake wa tumbo moja. Kidoti alipoanza masomo ya jioni, Mama Kufuli alimsimamia zamu zake. "Nenda mdogo wangu, mimi nipo," alimwambia siku za mitihani, akabaki na foleni peke yake, miguu imemvimba, anajisifia moyoni kwamba anasomesha.

Basi mwanafunzi akahitimu. Mzee akampa chumba juu, karibu na chake, na mlangoni wakabandika maneno: Usalama wa Kiuchumi. Mama Kufuli aliyasoma taratibu. Akashuka mpaka kwa mzee wa tanuri la mvuke, mtu mtani asiyejua kunyamaza, akamuuliza usalama wa kiuchumi ndio upi, na ule usio wa kiuchumi ni upi.

"Usio na uchumi ndio huo wako," akajibu mzee wa tanuri.

Kidoti aliitisha mkutano katika ukumbi wa kulia akaeleza. Alisema zamani kampuni ilijiuliza nani ataiba, na jibu lilikuwa ukuta, kufuli na mlinzi. Akawaomba wajiulize swali jingine: ni kitu gani kikitokea kesho, sote hapa tutarudi nyumbani hatuna kazi? Akaanza kuorodhesha. Mafuta yote ya sabuni yananunuliwa kwa mtu mmoja, naye akiamka na homa, mitambo inalala. Harufu humu ndani anaijua mchanganya manukato peke yake, na mzee yule anavuka barabara kila siku bila kuangalia. Majina ya wateja wote yako kwenye kompyuta, na neno la siri la kompyuta limebandikwa ukutani ili lisisahaulike. Watu wakacheka. Akamalizia kwamba mtu mwenye donge moyoni ni mlango ulio wazi, na mlango huo hauna kufuli, dawa yake ni kumsikiliza mapema.

Mzee aliitikia kwa kichwa kila neno. Mama Kufuli alikuwa amesimama nyuma, mikono kifuani, na hakusikia ila neno moja, kufuli, lililotajwa pamoja na zamani.

Kesho yake asubuhi aliandaa vikombe viwili. Mzee akapita dirishani, akampungia mkono, akapanda ngazi. Ana haraka leo, Mama Kufuli akajiambia, akafunika kikombe kwa kisahani. Siku iliyofuata vivyo hivyo. Kutoka kwenye kibanda chake dirisha la juu lilionekana vizuri, na ndani yake vichwa viwili, kimoja chenye mvi na kingine cha nywele zilizosukwa, vimeinamia meza. Mikono yao hakuiona, lakini alijua kabisa kuna vikombe.

"Pole kwa kuletewa mke mwenza," mzee wa tanuri akamwambia mbele ya watu.

Watu waliangua kicheko. Mama Kufuli akacheka kuwashinda wote, kisha akaenda chooni akajifungia, akakaa humo mpaka macho yakakauka. Aliona wivu. Wivu ule unaokufanya umchukie mtu kwa namna anavyoshika kalamu. Kila kitu cha Kidoti kilimuudhi: viatu vyake vipya, sauti yake ya upole, hata ile heshima yake. Kwa maana Kidoti bado alimwita dada, bado alisimama kibandani kumsalimia, na heshima ya mtu uliyemwonea kijicho inachoma kuliko tusi.

Akaanza vituko. Jioni, akimwona Kidoti anakaribia katika foleni, aliingiza mkono kifukoni kana kwamba anachanganya, akatoa konzi ya nyeupe akazificha mfukoni mwa aproni. Kidoti akachovya, nyeusi. Kesho nyeusi. Keshokutwa nyeusi. Mkuu wa usalama wa kiuchumi akawa anavua viatu kila jioni mbele ya wafungashaji. "Leo tena bahati yangu, dada," alisema tu, akafungua mkoba. Humo hamkuwa na kitu ila madaftari na kitana.

Nyumbani, fundi cherehani alimsikiliza mkewe akimsengenya Kidoti kuanzia uji wa asubuhi hadi mswaki wa kulala. Mwisho akachoka. Alimwambia roho mbaya haijengi, na kwamba mtoto uliyemsomesha akifaulu, kidogo na wewe umefaulu. Mama Kufuli akamjibu ashone nguo za watu, ya moyoni mwake amwachie mwenyewe.

Kisha Kidoti akapita idara zote akiuliza maswali, na akafika getini. Aliketi juu ya kreti, si juu ya kiti. Akauliza kwa upole, "Dada, siku ukiumwa, nani mwingine anajua ufunguo upi ni wa mlango upi?"

Mwingine angesikia swali. Mama Kufuli alisikia koleo linachimba kaburi lake. Akajibu kwamba yeye haumwi.

Hata hivyo Kidoti hakuacha kumwamini. Baada ya siku kadhaa alirudi, akafunga mlango wa kibanda, akamweleza jambo ambalo ni Mzee na mhasibu tu waliolijua. Yule muuzaji mmoja wa mafuta alikuwa anayumba, amesikika akidaiwa huku na huku. Kwa hiyo kampuni ilikuwa imepata chama cha wakulima wa mawese kule bondeni, mafuta safi, na malori machache ya majaribio yangeanza kuingia kila Alhamisi. Mkataba ungesainiwa mwisho wa mwezi. Kabla ya hapo wapinzani wakinusa, watawanunua wakulima wale kwa bei ya juu, na kiwanda kitabaki na muuzaji anayekufa. "Nakwambia wewe kwa sababu malori yanapita kwako," alisema, "na kwa sababu wewe ni dada yangu."

Mngedhani angefurahi. Wapi! Kilichomkaa kooni ni kwamba Mzee hakushuka kumwambia mwenyewe. Siri ya Mzee imemfikia kwa mkono wa mtoto, kama mabaki ya chakula.

Jumamosi akaenda kusukwa. Saluni ile alikuwa anaiendea miaka na miaka, na siku za karibuni alikuwa amezoeana na mteja mmoja mpya, mwanamke mrefu mwenye miwani ya mnyororo, anayecheka kwa pua. Mwanamke yule alijua kusikiliza. Ukisema, anageuza mwili mzima. Alishasikia habari za Kidoti mara mbili tatu na kila mara alisema pole dada, watu hawana shukrani. Siku ile, mikono ya msusi kichwani na mashine ya kukaushia nywele ikivuma, Mama Kufuli akaulizwa kwa upole: na yule mtoto wenu kavumbua nini tena?

Ulimi hauna mfupa. Alikusudia kumshusha Kidoti tu, jamani, hakukusudia lingine. Akasema eti anajifanya kavumbua mafuta, kana kwamba wale wakulima wa bondeni hawakuwepo kabla hajazaliwa. Akasema hata hayo malori ya Alhamisi yasingeingia bila yeye Mama Kufuli kufungua geti. Akasema mkataba wenyewe haujasainiwa na tayari mtoto anatembea kama aliyeshinda vita. Mwanamke wa miwani akacheka kwa pua, akasema pole dada. Alipoondoka, msusi alisema hela ya nywele imeshalipwa na yule mama. Mama Kufuli alirudi nyumbani kifua mbele, kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu akahisi kuna mtu anayemthamini.

Alhamisi iliyofuata lori halikuja. Ijumaa mwenyekiti wa wakulima akapiga simu kuomba radhi: wamepata mnunuzi mwingine, ameleta mkataba siku hiyo hiyo, wamesaini. Na kwa kuwa mkosi huja kwa jozi, yule muuzaji wa zamani naye akafunga duka. Mitambo ikazimwa. Wafanyakazi wakakaa uani juu ya katoni tupu, wakinong'onezana nani ataachishwa kwanza, na mzee wa tanuri, ambaye tanuri lake lilikuwa limepoa, hakuwa na utani wowote.

Na Mama Kufuli? Nitawaambia ukweli wake hata kama unatia aibu. Kitu cha kwanza kilichomjia moyoni kilikuwa furaha. Huyo sasa! Usalama wa kiuchumi umeanguka na mlango wake. Akajifunga vizuri shada la funguo, akapanda zile ngazi alizokuwa hazipandi, akabisha hodi kwa Mzee. Ndani walikuwa Mzee, Kidoti na mhasibu. Akasema kwamba huku juu kuna mdomo unaotoa siri, na yeye yuko tayari kupekua ofisi zote, moja moja, aanze hata sasa.

Mzee alimpungia mkono asubiri. Alikuwa anawaeleza wengine alichosikia kwa mwenyekiti wa wakulima. Aliyekuja na mkataba alikuwa mwanamke mrefu, mwenye miwani ya mnyororo. Alijua kila kitu. Alijua hata kwamba malori yao yanakuja Alhamisi.

Funguo zikalia kiunoni mwa Mama Kufuli, ingawa hakuwa ametembea.

Alilikumbuka joto la saluni, mikono ya msusi, lile pole dada. Aliona nywele zake mwenyewe zilizolipiwa, bado zimekaza kichwani. Akainua macho, akakutana na macho ya Kidoti, na akajua kwamba Kidoti amejua. Yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha kutoangalia mkoba, kuangalia macho.

"Kosa ni langu," Kidoti akasema. "Nilimwambia mtu ambaye nilijua ana donge moyoni. Niliona, nikajipa moyo kwamba litapita. Nilipima mafuta, nikapima muuzaji, yeye sikumpima."

Mzee alimuuliza ni nani. Kidoti akakataa kumtaja. Mzee akauliza tena, sauti imepanda, akasema atamfukuza kazi leo hii kama hatataja. Kidoti akasema sawa, atafukuzwa, lakini hataji. Mzee alikuwa amemkasirikia kama mzazi anavyomkasirikia mtoto wake hasa, yule anayemtegemea. Kisha akamkumbuka Mama Kufuli pale mlangoni.

"Mama, wewe rudi tu getini," akasema kwa upole. "Hili halikuhusu. Wewe ungejua nini?"

Hiyo ilikuwa gololi nyeupe. Pita, kawasalimie nyumbani. Hakuna aliyemshuku, wala asingeshukiwa kamwe, na mtu mwenye akili angeinama akashukuru akashuka ngazi. Lakini wivu si akili. Alimtazama yule msichana aliyemchukulia chai, akamchukulia Mzee, na sasa anamchukulia hata kosa lake, na kwa kosa hilo anaonekana mwema kuliko alivyowahi kuonekana. Na yeye hata kuwa mkosaji hakuhesabiwa. Wewe ungejua nini.

"Ni mimi," akasema.

Mzee akadhani hakusikia. Mama Kufuli akarudia, akaeleza saluni, miwani, Alhamisi, mkataba, yote, kwa sauti ile ile ya kuamrisha iliyomtoka miaka yote, isipokuwa mwishoni ilikatika. Mhasibu akaangalia dirisha. Mzee akamgeukia.

"Ulikuwa unataka nini?" akauliza hatimaye. "Cheo? Ungeniambia."

"Nilitaka uje unywe chai."

Mzee akainamisha macho. Mezani kwake kulikuwa na vikombe viwili, vya udongo, vizuri, vyenye maua. Akavitazama kama mtu aliyeonyeshwa kitu kilichokuwepo siku zote. Hakumfokea. Alisema tu funguo zibaki hapa, mengine atayafikiria. Mama Kufuli akafungua mkanda, akaweka shada mezani, akashuka ngazi kimya kimya, na njia nzima hakuna aliyemsikia akija.

Kidoti alimfuata nyuma. Getini palikuwa na foleni fupi ya watu waliorudishwa nyumbani mapema, na kifuko kilikuwa mkononi mwa mlinzi msaidizi, binti mgeni aliyekishika kwa woga. Alipomwona mkuu wake akasogea pembeni ili apite. Mama Kufuli hakupita. Alisimama kwenye foleni, zamu yake ikafika, akachovya mkono.

Nyeupe.

"Pita, dada," Kidoti akasema nyuma yake.

Akairudisha kifukoni, akachovya tena. Nyeupe tena. Kisha akakumbuka, akatia mkono mfukoni mwa aproni, akatoa zile nyeupe alizokuwa ameficha jioni zote zile, akazimwaga zote ndani ya kifuko mbele ya Kidoti. Kidoti alizitazama zikianguka. Hapo Mama Kufuli akaweka mkoba wake mezani bila kuchovya tena, akaufungua mwenyewe, akatoa kimoja kimoja: leso, kitana, dawa ya kichwa, picha ya mumewe ya zamani. Akavua viatu. Binti mlinzi alipapasa kila kitu kama alivyofundishwa, kwa adabu, akaangalia hata ndani ya soksi.

"Hakuna kitu," akasema binti.

"Najua," Mama Kufuli akasema, akaanza kuvaa viatu vyake.